MCHANGA WA MTO NA SWALI LA MTOTO

(Mazungumzo ya ibada yaliyotolewa redioni. Masomo: Yohana 6:1–13, Ezekieli 34:17–19)



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya watoto wetu wa shule, na jinsi tunavyowafundisha kuitunza dunia ambayo Mungu ametupa: maji yake, udongo wake, miti yake na hewa yake. Tutasema hasa habari za Kitui na Makueni, kwa sababu ndiko tunakoishi na kutumika. Lakini wewe uliye mbali, ikiwa kwenu mvua ni haba na watoto ni wengi, huenda ukaona kwamba habari hizi ni zako pia.

Tutaanza na jambo lililotupata sisi wenyewe. Hatulisimulii kwa kujisifu, maana halina sifa ndani yake.

Ijumaa moja tulikwenda, pamoja na mwinjilisti wetu, katika shule moja ya msingi iliyo karibu na mto, kwa kipindi cha mafundisho ya dini. Mto huo ni kama mito mingi ya Ukambani. Siku chache za mwaka hujaa maji hata mtu hawezi kuvuka; siku nyingine zote ni mchanga mtupu. Tuliwafundisha watoto habari za uumbaji. Tukawaambia kwamba Mungu alipomweka mwanadamu bustanini hakumpa kazi ya kula tu, alimpa na kazi ya kulinda. Tukawaonya wasitupe takataka ovyo, wasivunje miche, wasimwage maji bure. Wakaitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, Mchungaji!" Tukafurahi mno. Kisha tukauliza kama yuko mwenye swali.

Msichana mmoja wa gredi ya sita akainua mkono, akasimama, akasema kwa adabu: "Mchungaji, mchanga uliojenga kanisa letu jipya ulitoka wapi?"

Darasa likanyamaza. Mwalimu akataka kumketisha, akidhani ni utundu. Lakini halikuwa utundu. Tukamwuliza, "Kwa nini unauliza hivyo, mwanangu?" Naye akajibu: "Zamani tulikuwa tukichota maji mtoni kwa kuchimba kwa mikono tu. Sasa mama huingia ndani ya shimo mpaka haonekani, nami hubaki juu nikivuta mtungi kwa kamba. Huogopa shimo lisije likamwangukia."

Ndugu zangu, hatukumjibu siku ile. Tulisema tutaulizia. Lakini ukweli ni kwamba tulijua. Malori yalikuwa yamekuja alfajiri, kabla watu hawajaamka. Bei ilikuwa nafuu, na kamati ya ujenzi ikashukuru Mungu kwa unafuu huo. Hakuna aliyeuliza mchanga ulichotwa wapi, na sisi tulio wachungaji wa kundi tulikuwa wa kwanza kutouliza. Tulitoka shuleni siku ile tukiwa kama wanafunzi walioshindwa mtihani.

Huenda wewe msikilizaji uliye mjini unashangaa na kusema, mchanga na maji vinahusianaje? Hebu tueleze. Huku kwetu mvua huja kwa nguvu na kwisha upesi. Ile ya vuli, kuanzia Oktoba mpaka Desemba, ndiyo tunayoitegemea zaidi. Ya masika mara nyingi hutudanganya. Maji yasipopata wa kuyazuia, hukimbia yote kwenda baharini, nayo huchukua udongo wa mashamba yetu pamoja nayo. Lakini mchanga wa mto huyanywa maji na kuyaficha. Chukua debe la mchanga mkavu, ulimwagie maji polepole. Utaona kwamba lapokea kiasi cha robo ya debe au zaidi kabla halijafurika. Basi fikiri mto mzima wenye mchanga wa kimo cha mtu! Huko chini jua haliyafikii maji, mbu hawazaliani ndani yake, na mchanga wenyewe huyachuja. Miezi baada ya mvua kwisha, mama akichimba kidogo tu apata maji ya kupikia.

Kwa hiyo watu wa Ukambani walijifunza kujenga mabwawa ya mchanga. Hujenga ukuta wa mawe na saruji juu ya mwamba, toka ukingo mmoja wa mto mpaka wa pili. Mvua ikija, mchanga mzito hutuama nyuma ya ukuta, na matope mepesi hupita juu. Baada ya misimu kadhaa mahali pale huwa ghala la maji. Katika Kitui, shirika la SASOL lililoanzishwa mwaka 1990 limejenga mamia ya mabwawa hayo pamoja na wananchi. Upande wa Machakos na Makueni, marehemu Joshua Mukusya na wenzake wa Utooni walianza kazi hii tangu miaka ya 1970, na wageni kutoka nchi nyingine wamekuja kujifunza kwao.

Sasa wafahamu msichana yule aliuliza nini. Lori likichukua mchanga mpaka mwamba uonekane, halikuchukua mchanga tu, limechukua tangi la maji. Mto hubaki mfereji wa mawe. Mvua ijayo hupita mbio, kingo hubomoka, nguzo za madaraja hubaki wazi, na visima vya kando hushuka. Mama ashuka navyo.

Baada ya siku ile tulirudi kwenye Injili ya Yohana, sura ya sita. Hadithi hiyo mnaijua nyote. Watu elfu tano wana njaa, na mitume hawana fedha za kutosha. Ndipo anaonekana mtoto mmoja mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Bwana anapokea, anashukuru, watu wanakula wakashiba. Mara nyingi sisi wahubiri huishia hapo, tukapiga makofi. Lakini soma mbele kidogo. Watu wakiisha kushiba, Bwana awaamuru wanafunzi wake waokote mabaki yote, kisipotee hata kimoja. Wakaokota, wakajaza vikapu kumi na viwili.

Jambo hili lapasa kutushangaza. Yeye aliyeweza kufanya mikate mingine kwa neno tu, hakukubali makombo yaachwe majanini. Na sisi, ambao hatuwezi kuumba hata tone moja la maji wala punje moja ya mchanga, twatumia kama watu walio na ghala lisilokwisha! Tena yule mtoto alikuwapo pale. Alitoa chakula chake, kisha akawaona watu wazima, mitume wa Bwana, wakiinama kuokota mabaki. Twaamini kwamba somo hilo hakulisahau, kwa sababu aliliona kwa macho yake.

Hapo ndipo lilipo jambo la kwanza tunalotaka kuwaambia leo. Mtoto hujifunza kwa macho kabla ya masikio. Shuleni twaandika ubaoni "Tuhifadhi mazingira", na mtoto hunakili vizuri kwa kalamu yake. Akifika nyumbani amkuta baba amekata mgunga wa mwisho uliokuwa kivulini mwa boma ili achome makaa. Akienda sokoni aona mtu mzima akimaliza soda na kuitupa chupa ya plastiki mtaroni. Akija kanisani aona kuta zilizojengwa kwa maji ya mama yake. Basi ataamini ubao, au ataamini macho? Methali yetu yasema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Haikusema mtoto umwambiavyo.

Jambo la pili laumiza zaidi, nasi twaomba walimu watuvumilie, maana wengi wetu tuliwahi kuwa walimu pia. Fikirini juu ya adhabu za shule. Mtoto akichelewa, aambiwa aokote takataka uwanja mzima. Akipiga kelele, amwagilie miche. Akikosa kufanya kazi ya nyumbani, afyeke majani au achimbe shimo la taka. Sisi wenyewe tuliadhibiwa hivyo, nasi tuliwaadhibu wengine hivyo. Lakini hebu tufikiri, mtoto hujifunza nini? Hujifunza kwamba kuokota takataka ni fedheha, na kwamba kumwagilia mti ni kazi ya mkosaji. Siku atakapokuwa mtu mzima na hakuna wa kumwadhibu, ataokota kwa sababu gani?

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilitaka kuwapunguzia Wakamba mifugo yao kwa nguvu, ikisema udongo unaharibika. Muindi Mbingu aliongoza watu kwa maelfu kwenda Nairobi kulalamika, na baadaye akahamishwa mpaka Lamu. Udongo ulikuwa unaharibika kweli, hilo hatuwezi kulikana. Lakini dawa ililetwa kwa amri na kwa nguvu, na watu wakaichukia. Vivyo hivyo katika miaka iliyofuata watu walilazimishwa kuchimba matuta mashambani, na wengi wakayaona matuta kuwa mzigo wa Mzungu.

Kisha ikawaje? Baada ya uhuru, mwaka 1963, kulazimishwa kulikoma. Mngedhani matuta nayo yatakoma. Baadhi yaliachwa kweli. Lakini watu walipoona wenyewe kwamba tuta la fanya juu huzuia maji na kuongeza mavuno, walianza kuyachimba kwa hiari yao, katika vikundi vya mwethya, leo shamba la huyu, kesho la yule. Akina mama ndio waliokuwa mbele, wakiimba na kushika jembe. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika habari hizo mwaka 1994. Walionyesha kwamba katika Machakos ya zamani, iliyokuwa pamoja na Makueni, watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na hata hivyo mmomonyoko wa udongo ulikuwa umepungua. Kazi ni ile ile, jembe ni lile lile. Ilipokuwa adhabu ilichukiwa. Ilipokuwa mwethya ilipendwa, na ikadumu.

Basi walimu wapendwa, twawasihi, ondoeni miti na takataka katika orodha ya adhabu. Kumwagilia mche kuwe ni heshima, apewe mtoto aliyefanya vema. Kuokota takataka kuwe ni kazi ya wote kwa dakika kumi, na mwalimu mkuu awe wa kwanza kuinama. Tunavyo vyama vya 4K mashuleni, na majina yake tu ni mahubiri: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Yaanza na kuungana. Kuadhibiana hakumo.

Jambo la tatu ni kwamba mtoto afundishwe kwa mikono yake na kwa hesabu zake. Watoto wetu wengi huenda shuleni asubuhi wakiwa na mtungi wa lita tano, kwa sababu shule haina maji. Mzigo huo waweza kuwa somo. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa, ni lita moja ya maji. Mwalimu awatoe watoto nje na utepe wa kupimia. Wapime jengo la madarasa matatu. Tuseme ni mita 24 kwa mita 7. Hiyo ni mita za mraba 168. Mvua ya vuli ikileta milimita 300, paa hilo peke yake limepokea lita 50,400. Hata kidogo kikipotea, yaliyobaki yatajaza matangi mengi. Sasa mwambie mtoto agawanye kwa mtungi wake wa lita tano. Atapata mitungi zaidi ya elfu kumi! Akiisha kuona hesabu hiyo, atakwenda nyumbani kumwuliza baba kwa nini nyumba yao haina mfereji wa paa. Hilo ni swali jema, na baba asikasirike.

Hali kadhalika kibuyu chirizi. Mtungi mdogo wenye tundu, kamba na kijiti cha kukanyagia, huning'inizwa karibu na choo. Mtoto hunawa kwa maji kidogo sana, na yale yanayoanguka huenda kwenye mche wa mpapai uliopandwa chini yake. Chupa ya plastiki iliyotupwa yaweza kutobolewa kitundu kidogo na kuchomekwa karibu na mche, ili imwage tone kwa tone wakati wa kiangazi. Maji ya kuoshea sufuria za githeri yanafaa kwa mukau na mwembe. Mukau ni mti wetu wenyewe, hustahimili ukame, na mbao zake ni nzuri. Lakini kupanda hakutoshi. Marehemu Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, aliwalipa akina mama kitu kidogo kwa kila mche ulioishi, wala si kwa kila mche uliopandwa. Shule nyingi zina siku ya kupanda miti, wageni huja, picha hupigwa, na ikifika Agosti miche yote imekufa. Afadhali darasa moja lilee miti mitano mpaka izae, kuliko shule nzima kuzika miche mia tano.

Juu ya takataka tutasema machache. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku katika Kenya, na sheria ni kali, faini yaweza kufika shilingi milioni nne. Wengi tulinung'unika wakati ule. Lakini nani asiyekumbuka jinsi mifuko ile ilivyotanda katika miiba kama maua mabaya, na mbuzi waliokufa wakiwa nayo tumboni? Tumejifunza kubeba kiondo tena kama nyanya zetu. Yamebaki ya chupa, karatasi za peremende na betri kuukuu. Mara nyingi shule huvitupa vyote katika shimo moja na kuvitia moto, na moshi wa plastiki huingia madarasani. Moshi huo ni sumu kwa mapafu ya mtoto. Watoto wenyewe waweza kutenga: mabaki ya chakula na majani yaende kwenye mbolea, chupa zitumike tena au ziuzwe, na plastiki isichomwe kamwe.

Katika somo letu la pili, nabii Ezekieli aleta neno la Mungu juu ya kondoo wanono. Kosa lao si kwamba walikunywa. Kosa lao ni kwamba wakiisha kunywa maji yaliyo safi waliyavuruga mengine kwa kwato zao, na wenzao wanyonge wakabaki kunywa matope. Sisi wa Makueni na Kitui twaielewa sura hiyo bila kufafanuliwa, maana mto Athi wapita katikati yetu. Mito ya Nairobi huungana nao ikiwa imebeba maji machafu ya mji na ya viwanda, nao huteremka kwetu, hata mahali unapokutana na mto Thwake kwenye bwawa kubwa, na kuendelea mpaka ukaitwa Galana, na mwisho Sabaki, na kuingia baharini karibu na Malindi. Mchanga wetu wapanda Nairobi kujenga maghorofa, na taka za Nairobi zateremka kwetu. Ndugu wa Nairobi mnaotusikia, si kwa ubaya twasema hivi; mwageni kwa kukumbuka kwamba chini yenu yuko mtoto mwenye mtungi. Na sisi nasi tukumbuke kwamba chini yetu yuko mtoto wa Malindi. Hakuna mtu anayeishi mwisho wa mto. Mfundishe mtoto wako kuuliza kila anapotupa kitu: "Kitafika kwa nani?"

Twajua wako watakaosema, "Mchungaji, maneno yako ni mazuri, lakini mchanga ndio karo." Katika baraza letu la kanisa mzee mmoja alisimama, akasema hivyo hivyo. Akasema wale vijana wanaopakia malori usiku ni wana wetu, hawana kazi, na fedha wanazopata hununua unga na sare za shule. Alisema kweli, nasi hatukumpinga. Asiye na njaa asiwe mwepesi wa kumhukumu mwenye njaa. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na Januari 2018 Kitui nayo ikapiga marufuku mchanga na makaa kusafirishwa nje ya kaunti. Sheria ni njema, lakini kijana asipopata kazi nyingine atapita kando yake usiku. Kwa hiyo twamwambia mnunuzi kabla ya kumwambia mpakiaji. Malori yasingekuja kama hakuna aliyekuwa akingoja upande wa pili na fedha mkononi, bila kuuliza. Nasi tulikuwa miongoni mwa hao waliongoja.

Basi tulifanya nini? Jumapili moja tulisimama mbele ya ushirika, tukaungama. Baadhi walikasirika, wakasema twaliaibisha kanisa. Lakini mama mmoja mzee alisema, "Kanisa liliaibika siku malori yalipokuja. Leo linanawa uso." Tukakubaliana mambo matatu. Kwanza, kazi iliyobaki ya lipu ifanywe kwa mchanga ulionunuliwa mchana, mahali palipokubaliwa, na kwa risiti. Pili, paa la kanisa litiwe mifereji na tangi, na watoto wa shule ile wateke humo bila malipo. Tatu, Jumamosi mbili kwa mwezi iwe mwethya ya kukusanya mawe mtoni, na wataalamu waombwe waje kutupimia mahali pa bwawa la mchanga. Na wale vijana wa malori walialikwa, si kukemewa bali kuvunja mawe kwa ujira, kwa fedha tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya vioo vya rangi vya madirisha.

Hatutaki kuwadanganya. Vijana wote hawakuja, walikuja wanne. Ukuta bado haujajengwa. Mchanga uliokwisha kuondoka haurudi kwa maungamo. Utarudi kwa mvua, pole pole, msimu baada ya msimu, ikiwa tutauachia nafasi.

Lakini kabla ya hayo yote tulikuwa na deni moja la kulipa. Tulirudi shuleni Ijumaa nyingine, katika darasa lile lile. Tukamtafuta yule msichana kwa macho, tukamwambia mbele ya wenzake: "Uliuliza mchanga wa kanisa ulitoka wapi. Ulitoka katika mto wenu. Tuliununua bila kuuliza, nasi tumekosa mbele za Mungu na mbele yenu. Mwambie mama yako twaomba msamaha, nasi tutakuja kumwambia wenyewe."

Watoto hawakuitikia kwa sauti moja kama mara ya kwanza. Walitutazama tu. Msichana akasema, "Asante, Mchungaji," akaketi. Kisha mvulana mmoja wa nyuma akauliza kama watoto nao wanaruhusiwa kuja kubeba mawe siku ya Jumamosi. Siku ile, wapenzi, tulijua kwamba kwa mara ya kwanza tumefundisha somo la kutunza mazingira.

Wewe uliye mzazi, mwalimu au mzee wa kanisa, usingoje mpaka mtoto akuulize. Wiki hii tafuta kitu kimoja nyumbani mwako au kazini mwako ambacho mtoto akikuuliza habari zake utaona haya kujibu. Kirekebishe, na umwite akuone ukikirekebisha. Hayo ndiyo makombo ambayo Bwana atutaka tuyaokote.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyeweka maji chini ya mchanga kwa ajili ya maskini, twakushukuru kwa watoto uliotupa na kwa maswali yao. Utusamehe tulivyotumia kwa pupa mali ambayo ni yao. Uwalinde akina mama waingiao mashimoni kutafuta maji. Uwape vijana wetu kazi iliyo njema. Utufundishe kuinama na kuokota, ili watoto wetu wakituona wajue njia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Wapenzi wasikilizaji, Bwana awabariki, awape mvua kwa wakati wake. Kwaherini mpaka tutakapokutana tena.